Simu ya Batani ya Baba Loveness

Nianze na ubaya wake, maana uzuri wake mtausikia kwa shemeji yangu Magesa, na Magesa akianza kusifia kitu hanyamazi.

Simu yenyewe ilikuwa nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Nusu kioo, nusu batani tupu, vidogovidogo, kila kimoja na herufi yake. Kamera yake ukimpiga mtu picha unapata kivuli. WhatsApp iligoma humo zamani, muziki inapiga kwa kukwaruza, na ukitaka kuangalia video utazeeka. Kazi iliyokuwa inaijua ni moja, imeili. Imeili ikiingia, kitaa chekundu kwenye kona kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, mpaka mwenyewe aifungue. Na mwenyewe alikuwa anaifungua! Yesu wangu, aliifungua mezani, akaifungua kanisani, akaifungua chooni. Mimi nilikuwa naiita mke mwenzangu, na nilikuwa sitanii sana.

Mwenyewe alikuwa mume wangu, Nkwabi. Kazi yake ilikuwa kusambaza buti, glavu na ovaroli kwa kampuni ndogondogo zinazopewa kazi migodini, huko Geita, na zamani Buzwagi kabla mgodi haujafungwa. Kampuni hizo hazikupigii simu wala hazikutumii mtu. Zinaandika imeili asubuhi, zinataka bei kabla ya saa sita mchana, ukichelewa anapewa mwingine. Kwa hiyo ile simu ilitulisha, hilo sikatai. Mimi nauza mchele hapa Kagongwa, kibanda changu kiko ubavuni mwa mashine ya kukoboa, na mpunga wangu wa kwanza niliununua kwa faida ya buti. Ila kuipenda sikuipenda.

Ijumaa moja nikamwambia basi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, ananywa chai kwa mkono mmoja, anaandika kwa mwingine. Nikamwambia, "Baba Loveness, tangu tuoane hujawahi kupumzika hata Jumamosi na Jumapili moja. Zima hilo dude."

"Haizimwi, Suzana. Wateja watafanyaje?"

"Watakufa?"

Akacheka. Akaniambia kuna namna, mtu anaandika ujumbe mmoja, anauweka humo, na simu yenyewe inamjibu kila anayeandika, mwenye simu amelala zake. Nikasimama nyuma yake kumchunga asije akanidanganya. Akaandika: *Habari. Ujumbe wako nimeupata. Nipo nyumbani Kagongwa napumzika na familia. Nitarudi kazini Jumatatu. Usijali, nitakujibu. Nkwabi.*

"Familia ndiyo nani?" nikamuuliza. "Nina jina mimi."

Akafuta "familia", akaandika "mke wangu". Akabonyeza kitufe, akaweka simu juu ya kabati, na kweli hakuigusa tena. Jumamosi tulikwenda kumwona shangazi yake, Jumapili tukatoka kanisani, akala wali, akasema kichwa kinamuuma, akajilaza kwenye kochi. Presha. Nilipokuja kumwamsha anywe maji alikuwa hayupo tena.

Jumatatu alikuwa mochwari. Jumanne tukamzika.

Sasa niwaambie kitu ambacho kiliwaudhi watu wengi. Sikulia. Watu walikuja kutoka Isaka, kutoka Kahama, kutoka Shinyanga mjini, wanaanza kupiga yowe tangu barabarani, wananishika, wananitikisa, mimi nimekaa kwenye mkeka nawaangalia. Mliowahi kung'olewa jino mnajua ile ganzi, mtu anakugusa shavu unaona mkono wake lakini shavu siyo lako. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Nilisikia mama mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Mjane gani huyu, hata yowe moja?" Nilimsikia vizuri tu. Nikamuuliza kama amepata chai.

Baada ya matanga watu wakaondoka, mimi nikarudi kibandani. Nikawa napepeta, napima, narudisha chenji. Mtu akiniambia pole nasema asante. Chakula nilikula, usingizi nililala, sikuona tofauti ya kitu na kitu.

Mwanangu Loveness, ambaye anasoma chuo Shinyanga na alikuwa bado nyumbani kwa ajili ya msiba, ndiye aliyefungua mlango huu wote. Siku moja aliichukua ile simu kabatini aone kama bado ni nzima. Kuijaribu, akatuma imeili kutoka kwenye simu yake kwenda ya baba yake. Kitaa chekundu kikawaka. Halafu simu ya Loveness ikalia, akaisoma, akaiangusha chini.

"Mama! Baba kanijibu!"

Nikaiokota. *Habari. Ujumbe wako nimeupata. Nipo nyumbani Kagongwa napumzika na mke wangu. Nitarudi kazini Jumatatu. Usijali, nitakujibu. Nkwabi.*

Loveness alikuwa analia mpaka anakohoa. Mimi nilisimama pale na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nikahisi kitu. Kidogo tu, hapa kifuani, kama mtu amenibonyeza kwa kidole. Nikamwambia, "Tuma tena."

Akatuma. Kitaa kikawaka, lakini jibu halikuja. Akatuma tena, na tena. Kimya.

Kesho yake nikaenda kwa Fredy, kijana mwenye steshenari karibu na stendi, anayechapia watu barua za maombi ya kazi. Fredy ni mtu wa maneno mengi ila siyo mjinga. Akaniambia, "Mama Loveness, hiyo mashine inajibu kila anwani mara moja tu. Hairudii. Mpaka mwenyewe aubadilishe ujumbe, hapo inaanza upya kwa kila mtu."

"Mimi sitaki ubadilishwe. Nataka uleule."

"Basi huo umeshaupata, mama. Upo kwenye simu ya Loveness, usome hata mara mia."

Kijana wa watu, hajaoa huyu. Kusoma jibu la jana siyo kujibiwa. Nikamwambia atumie anwani yake yeye. Akanitazama, akatuma. Jibu likaja papo hapo kwenye kompyuta yake, herufi kubwa nyeupe. Nipo nyumbani Kagongwa napumzika na mke wangu. Kidole kikanibonyeza tena kifuani. Nikamshukuru, nikanunua peni ambayo sikuwa na kazi nayo.

Kuanzia hapo nikawa mwindaji wa anwani. Msinicheke. Fredy alinifungulia yangu mwenyewe, nikaitumia siku hiyohiyo ikaisha. Alipojaribu kunifungulia nyingine mashine ikadai namba ya simu mpya, na mimi namba zangu zilishatumika. Basi nikaanza kuuliza watu. Unakuja kununua mchele, umevaa shati la kuchomekea, mimi nakuuliza, "Samahani, mwalimu, una imeili?" Nasema nataka kujaribu kama simu ya marehemu inapokea. Mtu gani atamkatalia mjane? Mwalimu wa sekondari alituma. Bwana shamba alituma. Katekista akatuma, akaandika sala nzima ndani yake, na Nkwabi akamjibu asijali. Kila mmoja nilimwomba nisome jibu kwenye simu yake mimi mwenyewe, na kila mmoja aliponipa simu alitazama pembeni.

Uzuri wa kwanza wa simu ile nikauona hapo, mimi niliyekuwa naitukana. Chaji yake inakaa. Nilikuwa nimeshika akilini kwamba ikizima na yeye atanyamaza. Fredy alinieleza majibu yanatoka kwenye mtambo huko mbali siyo kwenye simu, mimi nikaitikia ndiyo ndiyo, halafu jioni nikaichaji na kuiongezea bando.

Lakini Kagongwa ni mji wa mpunga na malori. Wenye imeili tunawahesabu. Ikafika siku namuuliza kila mtu na kila mtu ama hana ama ameshatuma. Nilikaa kibandani, kidole kile kifuani hakipo, ganzi imerudi mahali pake.

Na wateja wa Nkwabi, nao walikuwa wanaandika. Wa karibu walijua msiba, wengine walikuja mazishini. Wa mbali hawakujua. Kulikuwa na dada mmoja anaitwa Dorah, mnunuzi wa kampuni fulani kule Geita, hata sura yake simjui. Aliandika akitaka bei ya buti za walinzi. Akajibiwa kwamba Nkwabi atarudi Jumatatu. Akaandika, *Sawa kaka, pumzika.* Jumatatu ikapita, akaandika, *Kaka, nakusubiri.* Ikapita nyingine, akaandika tena. *Kaka Nkwabi, wenzako wameleta bei, mimi nimewazuia kwa ajili yako. Mtu mwaminifu kama wewe hukai kimya hivi. Uko salama?*

Loveness alinisomea hiyo ya mwisho, akasema, "Mama, tumwambie huyu dada. Siyo vizuri." Nikamwambia aache. Akasema, "Mama, anasubiri marehemu!" Nikamwambia aende akaoshe vyombo.

Nilijua ninachofanya. Siku mtu atakapoandika mle kwamba Nkwabi amekufa, ule ujumbe utafutwa, na mume wangu hatajibu mtu tena duniani. Mimi ningali namtaka. Dorah na buti zake wangesubiri.

Ikafika arobaini. Kwenye ukoo wa mume wangu vitu vya marehemu vinagawiwa siku hiyo, na chombo chake cha kazi hakikai ndani kwa mjane, kinapewa ndugu atakayeendelea na kazi ile. Wanasema kikikaa kinamfunga aliyebaki. Mkeka ukatandikwa sebuleni, vikapangwa juu yake: mashati, koti, viatu vya kanisani, saa, na simu. Nilikuwa nimeificha kwenye pipa la mchele asubuhi. Loveness akaitoa. Mtoto wa kike huyu, nilimwangalia kwa jicho nikidhani atayeyuka.

Aliyekuwa anasimamia ni baba mdogo wa Nkwabi, Mzee Ndaki, anayefuga ng'ombe huko vijijini. Hasomi, Kiswahili chake ni kizito, lakini ukoo unamsikiliza. Nilimwamkia, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akanishika mkono akakaa nao kidogo. Koti akalichukua yeye, mashati yakaenda kwa vijana, saa akapewa Loveness. Ikabaki simu.

"Hiyo nipeni mimi," akasema Magesa.

Magesa ni mdogo wake Nkwabi, yuko Nyarugusu kwenye dhahabu. Ana hisa kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia, na karasha ya kukodi ya kusagia mawe, na mdomo ambao hakuukodi. Ndiye aliyesema ataendelea na biashara ya kaka yake, awauzie wachimbaji buti na glavu.

"Hii ndiyo simu ya kazi, nawaambieni. Kule mashimoni umeme hakuna, smatifoni zenu saa nane mchana zimekufa, hii inakaa hadi kesho kutwa. Vumbi haliogopi. Mkono una tope, kioo cha tachi kinakataa, batani inabonyezeka. Na kuandika! Kaka alikuwa anaandika bila kuangalia, anaongea na wewe huku vidole vinakwenda. Ukishaandika humo mtu anakuona wewe ni ofisi."

"Ofisi ya wapi, baba mdogo?" Loveness akadakia. "Kitochi kilichovaa suti hicho. Wachimbaji wako wana imeili? Utawatumiaje picha ya buti? WhatsApp hakina, kutuma pesa ni kwa kuhangaika, ramani hakina, kikiharibika fundi Kahama nzima anakushangaa. Ukiwa na hicho unaongea na watu wa maofisini tu, na wa maofisini nao siku hizi wanachati."

"Kinanitosha. Sichezi mimi, natafuta."

"Sasa kama hutaki kucheza ile kubwa yako ya kamera tatu ya nini?"

Watu wakacheka. Hata Mzee Ndaki alicheka. Mimi nilikuwa naiangalia simu juu ya mkeka. Kitaa kilikuwa kinawaka na kuzima, mtu alikuwa ameandika.

"Shemeji, wewe unasemaje?" Magesa akanigeukia. "Wewe ndiye umekaa nayo."

"Mbovu hiyo," nikasema. "Haishiki mtandao. Haifai hata kupimia mchele. Iacheni tu hapa."

"Mbovu? Mbona inawaka? Ngoja tuone." Akatoa simu yake kubwa mfukoni. "Nina imeili, watu wa karasha walinifungulia. Natuma sasa hivi."

Ningeweza kumzuia. Niseme nini, roho yangu yote iliruka. Anwani mpya! Ilikuwa imekaa mfukoni mwa shemeji yangu siku zote hizo na mimi nahangaika na makatekista. Nikanyamaza, nikasogea karibu naye niweze kuona.

Akatuma. Kitaa kikawaka. Simu yake ikalia, Magesa akainua mkono kama mshindi wa bahati nasibu. "Si mnaona? Inapokea na inajibu! Sikilizeni." Na akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya mnadani. "Habari. Ujumbe wako nimeupata. Nipo nyumbani Kagongwa napumzika na mke wangu. Nitarudi kazini…"

Sauti ikaisha. Akasoma iliyobaki kimoyomoyo. Magesa, mwanaume anayeshuka kwenye mashimo kwa kamba, akakaa chini kwenye mkeka juu ya viatu vya kaka yake.

"Anasema nini?" Mzee Ndaki akauliza. "Magesa. Kaka yako anasema nini?"

"Anasema atarudi Jumatatu, baba."

Kule nje mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma.

"Shemeji," Magesa akaniambia polepole, "hii inawajibu watu wote hivi?"

"Wote."

"Tangu msiba?"

"Tangu Ijumaa ile."

Loveness hakusubiri ruhusa yangu. Akachukua simu, akawasomea maneno ya Dorah, yote, hadi lile la uko salama. Akayatafsiri na kwa Kisukuma ili babu yake asikie vizuri. Mzee Ndaki alisikiliza amefumba macho. Magesa akafuta uso kwa mkono wa shati, akasema, "Leteni. Naondoka nayo, nikifika Nyarugusu nafuta kila kitu humo, yaishe. Tusimtese shemeji."

"Usifute," nikasema.

"Shemeji…"

"Nimesema usifute! Wewe una kaka wengine wawili. Mimi nimebaki na hicho hapo, kinachosema yuko na mimi. Chukueni mashati, chukueni nyumba mkitaka. Simu hamtoi."

Nilikuwa nimesimama na sijui nilisimama saa ngapi. Sikuwa nalia, nilikuwa na hasira kavu tu. Watu walianza kuangalia miguu yao. Mzee Ndaki akanipungia mkono nikae, nikakaa, maana huyo hakataliwi.

"Mayu," akasema, "mimi simu sizijui. Mimi najua jambo moja. Kwetu, mtu akifa, habari haipelekwi na jirani, wala haisubiri mpaka mtu aje kuuliza. Inatoka kwenye nyumba ya marehemu. Huyo binti wa Geita anauliza kama mwanangu yuko salama, na nyumba inamjibu uongo. Magesa akifuta, bado hakuna aliyemwambia. Nyumba ya Nkwabi ni wewe. Mwambie. Ukishamwambia, simu kama unataka kukaa nayo, kaa nayo, nitasema mimi ndiye niliyeruhusu."

Nilitaka kumjibu ovyo. Alikuwa amenipa simu, na alikuwa ameninyang'anya kilichomo, kwa sentensi moja, mzee yule.

"Loveness," nikasema, "nionyeshe anapoandikia."

Akanifungulia mahali pale, ujumbe wa baba yake ukatokea wote. Akataka aandike yeye, nikamsukuma mkono. Nilianza kufuta kwa kile kitufe cha kufutia, herufi moja moja kutoka nyuma. Nkwabi akaondoka. Nitakujibu ikaondoka, na usijali, na Jumatatu. Nilipofika kwenye "mke wangu" kidole kikasimama. Nilimkumbuka alivyocheka pale kwenye ngazi, chai inamwagikia suruali. Nikabonyeza.

Niseme ukweli, vile vitufe ni vizuri. Vidole vyangu ni vya kushika debe, kwenye tachi naandika herufi tatu kwa mpigo. Pale kila herufi niliisikia ikikaa mahali pake. Niliandika hivi: *Habari. Nkwabi amefariki dunia. Tumeshamzika hapa nyumbani Kagongwa. Hatarudi kazini. Anayekujibu ni mimi mke wake, Suzana.*

Nikabonyeza kama alivyobonyeza yeye. Halafu nikafungua ya Dorah, nikamwandikia yeye peke yake, nikamwambia asante kwa kusubiri, sasa nunua kwa wengine.

Nikampa Magesa simu. Alishangaa. "Mzee amesema ukae nayo."

"Nikae nayo ya nini? Chukua. Chaji yake nzuri. Picha za buti piga kwa ile yako."

Akaipokea kwa mikono miwili. Watu wakaanza kuinuka, akina mama wakaenda jikoni kupakua pilau, na mimi nikabaki mkekani karibu na Magesa. Hapo ndipo maneno ya Fredy yakanirudia. Mpaka mwenyewe aubadilishe ujumbe, hapo inaanza upya kwa kila mtu.

Nikamwomba Loveness simu yake. Nikaandika kwenda kwa baba yake, neno nililokuwa namuuliza kila siku mchana nikiwa kibandani: *Umeshakula?* Nikatuma. Mkononi mwa Magesa kitaa chekundu kikawaka. Nikasubiri nimeshika simu kwa nguvu, na nawaambia kweli, pamoja na kwamba maneno niliyaandika mimi, kwa vidole vyangu hivi, nilikuwa nasubiri aniambie amekula.

Simu ikalia. Nikasoma.

*Habari. Nkwabi amefariki dunia.*

Ikanitoka sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Yowe. Nilipiga yowe hadi Magesa akadondosha simu, nikajitupa juu ya mkeka pale palipokuwa na mashati yake, nikapiga tena na tena, kifua kinauma, kila kitu kinauma, mikono, meno, kila kitu. Loveness akanikumbatia, hakuweza kunishika. Kule nje mashine ya kukoboa ikazimwa. Majirani wakaja mbio, wengine na unga wa pumba usoni, wakajaa mlangoni wakidhani kumetokea msiba mwingine. Yule mama aliyenisema kwenye matanga alikuwa mbele yao, ameshika kichwa.

"Jamani, Mama Loveness, nani? Nani amekufa?"

"Nkwabi," nikamwambia. "Mume wangu Nkwabi amekufa."